Kiu Ndani ya Maji

Mahindi yanaweza kufa kwa kiu huku mizizi yake imelowa. Nilipoanza kazi sikulijua jambo hilo, nilipoambiwa sikuliamini, na nilipoliamini nilikaa muda mrefu bila kuelewa sababu yake. Ninyi mnaoanza kazi ya ugani sasa mmelisoma darasani, mwalimu akawachorea mishale ubaoni, mkala chakula cha mchana mkaendelea na somo lingine. Mimi nililipata mashambani, kipande baada ya kipande, kutoka kwa watu wachache ambao ningependa muwajue. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vimo kwenye faili, na mishahara haingejaza hata mstari.

Nilifika katika ofisi ya kilimo mjini Kakamega miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, wakati kila ofisi ilikuwa na harufu ya rangi mpya na viti vya zamani. Nyumbani kwetu ni Butali, na siku hizo Butali hakukuwa na kiwanda cha sukari, kulikuwa na mahindi, wimbi na upepo. Nilipewa baiskeli isiyo na kengele, buti za mpira zilizokuwa kubwa kuliko miguu yangu, na kamba ya kupimia. Karani akaniambia nifuatane na Bwana Esau Lihanda mpaka niache kuuliza maswali ya kijinga.

Bwana Esau alikuwa nyuma yake, akifunga jembe fupi kwenye baiskeli. Alisema bila kugeuka, "Basi atanifuata mpaka astaafu. Mimi mwenyewe bado nayauliza."

Alikuwa mtu mfupi wa suruali fupi ya kaki, mwenye magoti yaliyopakwa udongo kila siku, kwa sababu alikuwa hawezi kupita penye mmea mgonjwa bila kupiga magoti. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa vitatu: lile jembe, kisu cha kukunja, na kioo cha kukuzia kilichokuwa na ufa katikati. Siku yangu ya kwanza tulikwenda kwa mkulima mmoja nje kidogo ya mji, ambaye maharagwe yake yalikuwa yamenyauka. Mimi, nikiwa nimetoka chuoni juzi, nilianza kumweleza mkulima juu ya nafasi kati ya mistari. Nilieleza vizuri, hata mkulima akaanza kuitikia kwa kichwa. Bwana Esau alingoja nimalize, kisha akaniuliza, "Umechimba?"

"Bado."

"Huku juu mmea unakuonyesha uso tu, Makokha. Ugonjwa mara nyingi uko kwa miguu. Chimba kwanza, hotuba itakungoja."

Nilichimba. Mchwa walikuwa wamekula mizizi yote. Nafasi kati ya mistari ilikuwa sawasawa kabisa.

Ni msimu ule ule wa kwanza tulipoitwa Malinya. Serikali ilikuwa imeleta mbegu mpya za mahindi chotara, na pamoja nazo mbolea ambayo watu waliiita ya chumvichumvi, kwa sababu ilikuwa nyeupe, ya chembechembe, na ulimi ukiigusa inachoma. Wengi waliitazama kwa mbali. Katika kijiji kile mtu wa kwanza kuinunua alikuwa mwanamke aliyeitwa Rasoa, ambaye mumewe alifanya kazi Nairobi na kuonekana nyumbani wakati wa Krismasi. Mahindi yake yalikuwa yameota vizuri kuliko ya kila mtu. Yalipofika magotini, mwezi wa tano, aliyawekea mbolea ya kukuzia. Siku chache baadaye yalianza kufa.

Tulimkuta amesimama kando ya shamba, mikono amefunga kifuani. Majani ya mahindi yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyosokotwa, na kingo zake zilikuwa za kahawia, zimeungua. Karibu naye alisimama shemeji yake, Zakaria, mdogo wa mumewe. Huyo Zakaria alikuwa na fahali wa kupigana, mnyama mweusi aliyejulikana mpaka upande wa pili wa mto, na fahali wa namna ile hula kama familia. Shamba la Zakaria lilipakana na la Rasoa, yote mawili yakishuka kutoka barabarani hadi kijito, na kila mwaka malisho ya fahali yalisogea hatua kadhaa upande wa Rasoa.

"Mulembe," Bwana Esau akasalimu.

"Mulembe muno," akajibu Zakaria. "Mmekuja kuona dawa yenu ilivyofanya kazi? Nilimwambia huyu mulamwa, shemeji yangu, hii kitu ni sumu. Udongo sasa imekufa. Nitamwandikia ndugu yangu, mimi nipandenge nyasi hapa, angalau ng'ombe ikule."

Rasoa hakumjibu yeye, alimjibu Bwana Esau. "Nilifanya vile mlisema kwa baraza. Kifuniko moja kwa kila mche. Sikuzidisha."

"Tuonyeshe kifuniko," Bwana Esau akasema.

Rasoa akaingia nyumbani, akaleta kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, kipana kama kiganja. Kwenye baraza, mwenzetu mmoja aliyekuwa na kipaza sauti alisema kifuniko, akimaanisha kile cha chupa ya soda. Hakuinua mkono kukionyesha. Tangu siku hiyo sijawahi kutaja kipimo bila kukishika mkononi, na nawaomba mfanye hivyo, hata kama watu watawacheka.

Bwana Esau hakucheka na hakumlaumu mtu. Alipiga magoti, akafukua. Kidole kimoja tu chini ya vumbi, udongo ulikuwa na unyevu, baridi, ukishikana mkononi. Mvua ilikuwa imekatika, lakini haikuwa imekatika zamani kiasi hicho. Alinipa kibonge nikibonye.

"Unasikiaje?"

"Una maji."

"Na mahindi yanasemaje?"

"Yanasema hayana."

"Sasa hapo ndipo pana kazi," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi. Rasoa alimtazama kwa mashaka. Shamba lake lilikuwa linakufa, na huyu mzee alikuwa anafurahia.

Aliomba kuingia jikoni. Akaomba viazi mviringo, chumvi, na mabakuli. Alikata viazi kwa kisu chake katika vipande vyembamba, virefu kama kidole cha mtoto. Vingine akampa Rasoa avichemshe. Kisha akaweka vibichi kadhaa katika maji matupu, vibichi vingine katika maji yaliyotiwa chumvi nyingi kuliko ya mboga, na vilivyochemshwa akavigawa, nusu huku, nusu kule. Tukanywa chai. Tukaenda kutazama fahali wa Zakaria, kwa sababu Bwana Esau alijua kwamba mtu mwenye fahali hukasirika zaidi asipoulizwa habari zake. Zakaria alitueleza mapigano matatu, moja baada ya jingine, na sauti yake ikashuka kidogo.

Tuliporudi jikoni Bwana Esau alimwambia Rasoa avishike vipande mwenyewe. Vile vya maji matupu vilikuwa vimekakamaa, ukivikunja vinavunjika. Vile vya maji ya chumvi vilikuwa vimelegea, vinakunjika kama kamba ya kiatu.

Rasoa alivigeuzageuza. "Zote zilikuwa kwa maji."

"Zote."

"Na hii imepoteza maji yake. Ikiwa ndani ya maji."

"Chumvi imeyaita," akasema Bwana Esau. "Kiazi, mzizi, hata nyama ya mwili wako, vyote vimejengwa kwa vyumba vidogo sana, huwezi kuviona. Kila chumba kina ngozi yake. Hiyo ngozi inaachilia maji yapite, yaingie, yatoke, lakini inazuia chumvi. Sasa maji huelekea pale penye chumvi nyingi. Ndani ya mzizi kuna chumvi kidogo na sukari kidogo, kwa hivyo siku zote maji ya udongo huingia. Ukiweka chumvi nyingi nje kuliko iliyo ndani, maji yanageuka, yanatoka. Mahindi yako yanakunywa kinyume."

Zakaria, aliyekuwa mlangoni, alichukua kipande kilichochemshwa. "Na hii? Hii iko kwa maji matupu na bado ni laini."

"Hicho kimepikwa. Ngozi za vyumba vyake zimekufa. Mlango hauna mtu. Kila kitu kinaingia na kutoka kinavyotaka."

Rasoa alikuwa ameshika kipande kilicholegea mkono mmoja na kilichopikwa mkono wa pili, anavilinganisha. Kwa vidole vilikuwa sawa. Ndipo akauliza swali ambalo mimi na diploma yangu hatukuwa tumelifikia.

"Mizizi yangu iko namna gani? Ni kama hii, ama ni kama hii?"

Bwana Esau akasema, "Sijui. Lakini tunaweza kuiuliza." Akachukua vile vilivyolegea kwa chumvi, akavisuuza, akavitia katika maji safi. Vilivyochemshwa pia. Halafu tukaenda shambani, tukang'oa miche kadhaa kwa uangalifu na udongo wake, tukaiosha mizizi, tukaisimamisha katika debe la maji kivulini.

Kungoja ni kazi. Hakuna anayewafundisha hilo chuoni, lakini nusu ya kazi yetu ni kukaa penye kitu na kukitazama. Jua lilipoanza kuegemea, vipande vya viazi vilivyokuwa vimelegea vilikuwa vimekakamaa tena. Vilivyopikwa vilibaki vilevile. Na katika debe, baadhi ya miche ilikuwa imeanza kukunjua majani yake. Si yote. Ile ambayo mizizi yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia haikujitikisa. Ile yenye mizizi myeupe ilikuwa imefumbua majani kama mtu anayeamka.

Rasoa aliinama juu ya debe kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ameshaamua. "Tuioshe udongo," akasema.

Zakaria alipinga. Alisema kumwagia maji sumu ni kuipika mchuzi iingie vizuri. Hakuwa mjinga; kwa mtu ambaye hakuona viazi tangu mwanzo, maneno yake yalikuwa na mantiki. Lakini Rasoa alikuwa amekwisha kuwaita dada zake na wanawake wa kikundi cha kanisa. Walikwangua kwanza mbolea iliyobaki juu na kuitandaza mbali, kisha wakapanda na kushuka kijitoni na mitungi na madebe. Bwana Esau alikuwa amewaambia maji machache yangekuwa mabaya kuliko kuacha kabisa, yangeyeyusha chumvi bila kuishusha. Kila mche upewe ya kutosha kupeleka chumvi chini ya mizizi, na kama maji hayatoshi shamba zima, basi wachague. Hapo Rasoa alisimama katikati ya mahindi yake na kuchagua. Alifukua mche hapa na pale, akatazama rangi ya mzizi, akaonyesha kwa mkono. "Hii mistari. Ile ya juu tuachane nayo." Sikuwahi kuona mtu akikata shauri juu ya chakula cha watoto wake kwa utulivu kama ule, na nilimwona alipogeuka kando na kujifuta macho kwa kanga, kwa hivyo utulivu wenyewe ulikuwa na gharama.

Sehemu ya juu ya shamba ilikufa. Ya chini iliishi, nayo ilizaa kiasi cha watu kuja kuhesabu mashuke na kuanza kuuliza mbolea inauzwa wapi. Zakaria hakuandika barua kwa ndugu yake. Nadhani alikuwa anangoja.

Mwisho wa mwaka Bwana Esau alihamishwa kwenda upande wa Busia. Aliniachia jembe lake, akabaki na kile kioo chenye ufa kwa sababu, alisema, wamezoeana. Nikabaki peke yangu, na swali moja likabaki nami. Nilielewa jinsi maji yanavyopita. Lakini kama ngozi ya mzizi inazuia chumvi, mbolea huingiaje? Maana huingia, mahindi ya Rasoa yalikuwa kijani kibichi kwa sababu iliingia. Na ikishaingia na kujaa, kwa nini haitoki tena?

Nilimpelekea swali hilo Mwalimu Priska, msichana aliyekuwa amerudi karibuni kutoka chuo kikuu na kufundisha baiolojia katika shule ya wasichana mjini. Nilikwenda nikiwa na buti zangu, na wanafunzi wakachungulia madirishani. Mwalimu Priska alimenya kitunguu chekundu, akachuna ganda jembamba la rangi, akaliweka chini ya hadubini, akaniambia nitazame.

Niliona vyumba. Bwana Esau aliviamini miaka yote bila kuviona, na mimi niliviona: vimepangwa kama matofali, kila kimoja kimejaa rangi ya zambarau hadi ukutani. Mwalimu Priska akadondosha maji ya chumvi pembeni, akayavuta kwa karatasi ya kukaushia wino. Mbele ya jicho langu ile rangi ilianza kujiondoa kwenye kuta, ikajikusanya katikati ya kila chumba, ikawa nzito zaidi. Akabadilisha, akatia maji safi. Rangi ikarudi polepole mpaka ukutani. Nilimwomba arudie. Alirudia mpaka kengele ya kipindi ikalia.

"Ngozi yenyewe ya chumba, ule utando, huuoni," akaniambia. "Ni mwembamba mno. Unaona ukingo wa rangi tu. Lakini angalia, maji yametoka, rangi haikutoka. Utando unachagua."

"Na mbolea?"

"Mbolea haiingii kwa kujipitia kama maji. Mmea unaivuta. Ndani tayari kuna nyingi kuliko nje, na bado unavuta, kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani. Hiyo ni kazi, na kazi inataka nguvu. Mzizi unapata nguvu kwa kupumua."

"Mzizi unapumua?"

"Hewa iliyo katikati ya udongo. Sukari inatoka kwa majani, hewa inatoka kwa udongo."

"Na huo utando unavutaje? Kwa mkono gani?"

Alicheka. "Bwana Makokha, hilo hata waliotufundisha walikuwa wanabishana. Ukilipata, uje uniambie."

Nilirudi ofisini kwa miguu nikisukuma baiskeli, maana nilitaka kufikiri, na kichwa changu na pedali havijawahi kufanya kazi pamoja.

Msimu uliofuata mvua ilikuja kwa wingi. Siku moja Rasoa alifika ofisini Kakamega, amevuka matope yote yale, akakaa kwenye benchi mpaka niliporudi. "Sikujia shamba yangu," akasema. "Ni ya Zakaria. Ameweka mbolea kimya kimya, hakutaka tujue. Sasa mahindi imelala. Ana haya kukuita."

Shamba la Zakaria lililokuwa na mahindi lilikuwa chini kabisa, penye bonde, karibu na kijito. Nilikuta majani ya chini yamekuwa manjano, mengine yana rangi ya zambarau kingoni, na mchana yananyauka, ingawa miguu yangu ilizama mpaka kifundo. Zakaria alikuwa anatazama upande mwingine.

"Imeungua na mbolea," akasema. "Lakini nimeosha. Niliosha kama vile mlifanyia mulamwa."

"Umeosha vipi?"

Alinionyesha. Alikuwa amechimba tuta, akafungulia maji ya kijito yaingie shambani, na alipoona majani hayabadiliki akaongeza. Kisha mvua ikaongeza juu yake. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Maji yalikuwa yamekaa kama kwenye karai. Tulikuwa tumempa dawa ya ugonjwa mmoja, naye akaitumia kwa ugonjwa mwingine unaofanana nao usoni.

Niling'oa mche. Mizizi ilikuwa laini, myeusi nchani, ikinuka kama yai bovu. Nilimpa anuse. Alinusa, akageuza kichwa.

"Uliweka mbolea kipimo gani?"

Akatoa mfukoni kifuniko cha soda. Kipimo kilikuwa sahihi.

"Basi haikuungua," nikasema. "Mzizi unapumua, Bwana Zakaria, kama sisi. Mbolea haiingii yenyewe, mmea unaivuta kwa nguvu zake, na nguvu zinatoka kwa kupumua. Hapa umeufunga pua. Mbolea iko, maji yako, na mmea hauna uwezo wa kuvichukua. Hata maji yenyewe sasa unashindwa kuyanywa."

"Mwaka jana ilikuwa kiu ndani ya maji. Mwaka huu tena ni kiu ndani ya maji."

"Ndiyo."

"Lakini dawa ni tofauti."

"Kinyume kabisa. Ule ulitaka maji. Huu unataka hewa."

"Sasa mtu wa kawaida atajuaje?"

Lilikuwa swali la haki, na nililijibu kwa neno la Bwana Esau: achimbe. Mzizi mkavu wa kahawia, au mzizi mweusi unaonuka. Na palipo na mashaka, debe la maji na mche mmoja. Nilimwambia pia kwamba mizizi mipya midogo, myeupe, ilikuwa imeanza kuchomoza juu, karibu na shina, ikitafuta hewa. Mahindi hayakuwa yamekata tamaa. Yalihitaji mfereji, na yaliuhitaji wiki hiyo.

Ndipo shida nyingine ikajitokeza. Niliipima ardhi kwa kamba na kwa macho, na kila nilivyoipima, maji ya bonde lile yalikuwa na njia moja tu ya kufika kijitoni bila kurudi: kupita upande wa Rasoa, penye zile hatua ambazo malisho ya fahali yalikuwa yamezimeza mwaka hadi mwaka. Zakaria aliliona kabla sijasema. Rasoa naye, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na jembe begani, aliliona pia.

"Mulamwa," Zakaria akasema polepole, "nitapitisha maji kwako kidogo."

Rasoa alitembea mpaka penye kisiki cha mti wa lusiola, uliokuwa umepandwa na baba mkwe wao kuonyesha mpaka, na ambao mtu fulani alikuwa ameukata. Akasimama juu yake. Kisha akaanza kuburura ncha ya jembe ardhini, kutoka kwenye kisiki, akashuka nalo moja kwa moja hadi kijitoni, katikati ya nyasi za fahali. Alipofika chini aligeuka.

"Pitisha hapa," akasema. "Chimba ndani sana, isijae."

Zakaria aliutazama mstari ule. Alijua ni mpaka wa zamani, na mimi nilijua, ijapokuwa nilikuwa nimeinama nikijifanya nakunja kamba. Mahindi yake yalikuwa yamelala nyuma yake. Nilisikia akivuta pumzi, halafu akavua koti, akaliweka juu ya kisiki, akaanza kuchimba. Rasoa alianza kutoka upande wa kijito. Walikutana katikati alasiri, bila kuongea sana, wote wawili wamejaa tope, na maji yakaanza kutembea.

Mahindi ya Zakaria hayakuwa mazuri mwaka ule, lakini yalisimama, yakachukua rangi, yakatoa chakula. Mfereji ulibaki. Mume wa Rasoa alipokuja Krismasi alipanda lusiola kando yake, na fahali akalishwa upande wa Zakaria.

Nilikaa Kakamega miaka mingine michache, kisha nikapewa uhamisho kwenda Mautuma, kwenye mashamba mapya ya Lugari. Nilikwenda Malinya kuaga. Rasoa alinipikia obusuma na ingokho, ugali na kuku, na wakati nakula alileta hindi bichi alilolichoma, akalivunja, akanipa kipande.

"Onja," akasema.

Nilionja. Lilikuwa tamu.

"Bwana Shamba, kuna kitu nawazanga nikipalilia. Ulisema sukari inatengenezwa kwa majani. Lakini jani nimetafuna, haina utamu. Utamu wote uko kwa punje. Kwa hivyo sukari inatoka kule ambako ni kidogo, inaingia huku ambako imejaa, na bado inaingia tu. Inapitia ngozi gani? Na kwa nini hairudi?"

Nilitafuna taratibu ili nipate muda. Nilifikiria viazi, nikafikiria kitunguu cha Mwalimu Priska, na mkokoteni unaosukumwa mlimani. Nilikuwa na sehemu ya jibu, lakini haikutosha, na yeye alikuwa ananitazama kwa makini kiasi kwamba sikuthubutu kujaza pengo kwa maneno.

"Sijui, mama," nikasema.

Hakuonekana kusikitika. Alinisogezea kipande kingine cha hindi.

"Basi bado una kazi," akasema. "Kula, halafu uende uulize."